Stadi za hedi kwenye 2JZ ya tabo (injini ya Toyota)

Kaka, umeuliza kama stadi mpya za kampuni ya ARP (vyuma vya hesi vinavyoshika hedi kwenye bloku badala ya bolti) uzikaze kwa nguvu kwenye bloku, kisha nati uzizungushe digrii 90 mara mbili kama bolti za kiwandani. Yote mawili hapana.

Safisha matundu ya stadi kwenye bloku, yapulize kwa upepo wa kompresa. Oili ikibaki chini haina pa kwenda, bloku inaweza kupasuka. Stadi ziingize kwa mkono tu mpaka zikae. Grisi iliyokuja nazo paka kwenye hesi za juu na pale nati inapokalia washa. Ukiweka oili ya injini msuguano unazidi: toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) inalia wakati stadi haijavutika vya kutosha.

Kaza kwa awamu tatu, kutoka katikati kwenda nje, kwa kipimo cha karatasi ya ARP. Fundi akisema anapima kwa mkono, mnyang'anye spana.