Maswali na Majibu: Kabla ya Kununua Pikapu Mpya, Fungua Gitaa Lako

*Gitaa langu lina pikapu tatu za koili moja. Linavuma nisipogusa nyuzi, nikizigusa mvumo unapungua. Ninunue pikapu gani? (Msomaji, Morogoro)*

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa koili ya waya, hudaka mtetemo wa nyuzi. Mvumo kupungua unapogusa nyuzi ni dalili kwamba waya wa ethi ulio chini ya briji (kipande kinachoshikilia nyuzi mwilini mwa gitaa) ni mzima. Ungekuwa umekatika, kugusa nyuzi kusingebadilisha kitu. Koili moja hudaka umeme wa hewani, ndivyo ilivyo. Weka swichi ya kuchagua pikapu nafasi ya pili au ya nne, ambako pikapu mbili hulia pamoja: kama koili ya kati imesokotwa kinyume, kama ilivyo kwenye magitaa mengi ya siku hizi, mvumo utapotea. Kisha funika mashimo ya pikapu na ya poti (vidhibiti vya sauti na toni) kwa karatasi ya shaba, na karatasi hiyo iunganishwe na ethi, la sivyo haina kazi. Itapunguza kelele za taa na dima (swichi za kupunguza mwanga). Mvumo mzito wa transfoma hautaisha kwa shaba. Huo ndio uliomfanya Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson kubuni hambaka, pikapu ya koili mbili zinazofuta mvumo, mwaka 1955.

*Poti za 250 au za 500?*

Koili moja kilo-omu 250, hambaka 500. Ukiweka 250 kwenye hambaka sauti inafifia, halafu unailaumu pikapu.

*Nimefunga hambaka ya Seymour Duncan yenye nyaya nne kwa kufuata mchoro wa DiMarzio. Sauti ni nyembamba na inavuma. Nimeuziwa feki? (Msomaji, Nakuru)*

Huenda pikapu yako ni halisi kabisa. Rangi za nyaya si sheria ya dunia, kila kiwanda kina zake. Kwa DiMarzio nyekundu ndiyo inayobeba sauti, kijani huenda ethi, nyeusi na nyeupe huunganishwa pamoja. Kwa Seymour Duncan nyeusi ndiyo inayobeba sauti, kijani na waya usio na ganda huenda ethi, nyekundu na nyeupe huunganishwa. Ulichofanya ni kuunganisha ncha mbili za koili ileile, nyeusi na nyeupe, ikajifunga yenyewe. Inayosikika ni koili moja tu, nyekundu hadi kijani, ndiyo maana inavuma kama koili moja. Achanisha, funga upya. Na tafadhali, kabla ya kumwita muuzaji mwizi, soma karatasi iliyokuja na pikapu.

*Kanisani kwetu mpiga solo akisogeza mdomo kwenye maiki anapigwa shoti. Fundi ameshauri tukate pini ya ethi kwenye plagi ya ampu. (Msomaji, Mwanza)*

Msikate. Narudia: msikate. Zimeni vyombo leo, na msiviwashe hadi fundi umeme mwenye leseni apime. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na ethi ya ampu, na maiki imeunganishwa na ethi ya mikisa. Vyombo viwili vikiwa kwenye soketi tofauti, na kimoja hakina ethi au kina hitilafu, mdomo wa mpigaji ndio unaokuwa daraja la umeme. Tarehe 3 Mei 1972, mpiga gitaa Les Harvey alikufa jukwaani huko Swansea, Wales, baada ya kugusa maikrofoni isiyo na ethi. Kwetu volti ni zaidi ya 220, na jukwaa la mkutano wa injili mara nyingi ni nyasi zenye umande. Ampu na mikisa zipate umeme kutoka mahali pamoja penye ethi iliyopimwa, na pawekwe swichi ya kinga inayokata kwa miliampea 30. Anayekata pini ili kuondoa mvumo anachezea roho za watu. Huyo msimpe kazi tena.

*Nataka sauti inayong'aa kwa sebene. Ninunue pikapu yenye nguvu zaidi?*

Hapana, nguvu nyingi ndiyo inayoua mng'ao. Koili ikisokotwa waya mwingi inakula sauti za juu, na sebene huishi huko juu. Chukua bisibisi kwanza. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, shusha pikapu mpaka nafasi kati yake na uzi iwe kama milimita 2 hadi 3, kisha sikiliza. Sumaku ikikaribia mno inauvuta uzi wa sita, noti za juu zinayumba kana kwamba gitaa halijatyuniwa. Badilisha nyuzi pia. Nimeona mtu anapanga kununua pikapu huku nyuzi zake zina kutu.

*Naweza kulehemia kwa tindikali ya fundi bati?*

Usithubutu. Niliwahi kufungua gitaa lililolehemiwa hivyo: mgongo wa poti ulikuwa na ukungu wa kijani, na nilipogusa waya wa jeki (tundu la kuchomekea kebo) kwa kibano ukatoka wenyewe, nyuzinyuzi zake zimeliwa. Tumia waya wa kulehemia wenye utomvu ndani, mchanganyiko wa 60 kwa 40. Kwangua mgongo wa poti kwa msasa, pasha poti yenyewe ndipo uguse waya. Risasi ikitandaa na kung'aa, imeshika. Ikijikunja kama tone, bado, pasha tena.