Jibu: Kulia ovyo na ganzi ya nyayo baada ya kupunguzwa tumbo

Habari dada, pole sana. Umesema ni mwezi wa 3 tangu upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula tumboni ili upungue uzito, kilo zinashuka, lakini unalia bila sababu, nywele zinatoka na nyayo zina ganzi.

Anza na ganzi. Kama unatapika pia, usisubiri kliniki. Nenda hospitali leo, waeleze ulifanyiwa upasuaji gani na uulizie vitamini B1. Ikipungua sana huharibu neva, na haingoji. Omba pia wapime B12 na madini ya chuma. Mimi pia nilifanyiwa upasuaji huu, na mwaka wa pili miguu ilipopata ganzi niliambiwa ni mawazo tu, hadi kipimo kikaonyesha B12 iko chini. Nilipoanza sindano, miguu ilirudi taratibu.

Nywele zisikutishe. Kwa wengi hutoka miezi hii, kisha huota tena ukizingatia protini.

Huzuni naijua. Chakula kilikuwa faraja yangu. Kukaa na vijiko 4 vya uji huku wenzangu wanakula pilau, nilijiona kama nimefiwa. Mwambie daktari waziwazi. Kama unatumia dawa za sonona usiziache ghafla, huenda dozi ndiyo inahitaji kubadilishwa. Ukijiwa na wazo la kujidhuru, mwamshe mtu wa nyumbani usiku huohuo akupeleke hospitali.