Mita inaonyesha kilowati 10, usikivu haupo: nguvu inapotelea wapi?

SWALI: Kituo chetu kinarusha matangazo kwa masafa ya kati, karibu na kilohezi 600. Mtambo ni wa kilowati 10, mnara mita 60, na mnara wenyewe ndio antena. Wezi walifukua nyaya nyingi za shaba zilizozikwa kuzunguka mnara. Fundi alizirekebisha koili za kuoanisha mtambo na mnara, zilizo kwenye kibanda cha chini ya mnara; sasa mita inaonyesha kilowati 10 kamili na nguvu inayorudi ni sifuri. Mbona wa mbali bado hawatupati?

JIBU: Nguvu yenu inapasha udongo moto. Mita ya mtambo hupima kinachotoka mtamboni, si kinachoruka hewani. Koili zimeuoanisha mtambo na mzigo mpya, lakini mkondo bado lazima urudi kwenye mguu wa mnara, na njia yake ilikuwa zile nyaya.

Angalia hesabu. Kwa kilohezi 600 wimbi lina urefu wa mita 500, hivyo mnara wenu ni mfupi na ukinzani wake wa kurusha (sehemu ya ukinzani inayogeuza mkondo kuwa mawimbi ya redio) ni kama omu 6 tu. Ardhi nzuri ikiongeza omu 2, ambazo hutoa joto tu, jumla ni 8: ammita (kipima mkondo) ya mguu wa mnara itasoma kama ampea 35, na kilowati 7.5 zitaruka. Ardhi ikifika omu 10, jumla ni 16, ammita inashuka hadi 25, na zinazoruka ni 3.75. Nusu ya iliyokuwa ikiruka imepotea, na mita ya mtambo haijatikisika! Mnara wa mita 125, wenye omu kama 36, usingeumia hivyo. Kwa hiyo ammita ya mguuni isomwe na kuandikwa kila siku.

Tangu majaribio ya George Brown na wenzake Marekani, yaliyochapishwa 1937, kipimo kinachofuatwa ni nyaya 120 zenye urefu wa robo ya wimbi. Bajeti ikiwa mita 6,000 tu, zikeni 60 za mita 100. Zinafaa kuliko 30 za mita 200, kwa sababu mkondo umesongamana karibu na mnara.

Tumieni waya wa chuma uliovikwa shaba. Wezi hawaupati bei, na kwa masafa haya mkondo hupita kwenye ngozi ya waya, chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Alumini msizike, italika. Kina cha sentimita 15 hadi 20 kinatosha. Viungo kwenye mkanda wa shaba unaounganisha nyaya mguuni mwa mnara vichomelewe kwa fedha. Lehemu ya kawaida ya risasi huoza udongoni.

Kabla ya kugusa chochote, zimeni mtambo na muunganishe mnara na ardhi kwa ndoano yake ya kuondolea umeme. Mtambo ukiwaka mnara mzima una umeme, unaunguza hadi mfupa.

Mkimaliza, koili zirekebishwe upya, maana ukinzani umeshuka tena. Anzeni na kilowati 1: ammita ikikaribia ampea 11, ardhi imerudi.