Maswali na Majibu: Kuzunguka Mufindi kwa Baiskeli

Kwa wiki kadhaa sasa maswali mengi yanayofika kwenye safu hii ni ya mzunguko mmoja wilayani Mufindi, mkoani Iringa: Mafinga, Sawala, Mtwango, Igowole, Nyololo, kisha kurudi Mafinga. Ni mipaini ya Sao Hill, mashamba ya chai na mabonde yenye mito, na wakazi wa Dar waliochoshwa na joto na foleni wameipenda safari hiyo hata kabla ya kufika. Nimechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa wengi.

Habari kaka. Mzunguko mzima ni kilomita ngapi? Nataka kujua kama naweza kuumaliza kwa siku moja. (Ukonga)

Zinapita mia. Swali hili limeulizwa mara nyingi mno, na kila anayeuliza anapiga hesabu za barabara ya Dar iliyonyooka. Mafinga iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kule ni nyembamba kuliko ya Ukonga kwa takriban moja ya tano, na kifua cha mtu wa pwani kinalijua hilo kwenye mlima wa kwanza tu. Barabara inashuka bondeni, inavuka kijito, inapanda, inashuka tena. Kipande cha Mtwango hadi Nyololo ni kama kilomita 40, na kwenye ramani kinaonekana ni cha kumaliza kabla ya chai ya saa nne. Jaribu uone.

Niulizeni milima ikoje, wapi lami inaishia, malori ya magogo yanapita saa ngapi, wapi pa kulala. Tenga siku mbili za kuendesha, tatu kama mna mtu aliyeanza juzi, na ulale Mafinga usiku mmoja kabla ya kuanza ili mwili uzoee. Anayeng'ang'ania siku moja atapita kwenye mashamba ya chai gizani, hataona kitu, na madereva hawatamwona yeye.

Mwezi gani ni mzuri? (Mbagala)

Juni hadi Oktoba. Usitumie kalenda yetu ya vuli na masika. Kule mvua ni za msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na ule udongo mwekundu ukilowa unateleza vibaya na kujaa kwenye gurudumu mpaka baiskeli inagoma. Juni na Julai baridi ni kali. Kuna asubuhi umande unaganda kwenye majani mabondeni. Beba glavu. Sisemi hivyo kwa ajili ya starehe: vidole vilivyokufa ganzi haviwezi kukamata breki.

Shikamoo mzee. Nimenunua baiskeli ya mtumba Kariakoo, ina gia 21 na imepigwa rangi mpya, inang'aa. Niongeze nini kabla ya kwenda? (Buguruni)

Marahaba, mwanangu. Umenitajia gia na rangi. Breki hukuzitaja, na hapo ndipo ninapogombana na wasomaji wangu kila mwezi.

Baiskeli ya mtumba imekaa ghalani na kwenye kontena muda mrefu. Raba za breki zinakauka, zinakuwa ngumu, zinagusa rimu bila kushika. Waya ndani ya ganda lake unaota kutu mahali usipopaona. Hapa mjini hutagundua, kwa sababu unaendesha polepole katikati ya bajaji na bodaboda, na ukitaka kusimama unaburuza mguu. Ukishuka bonde la Mufindi na mzigo kwenye keria, mguu hausaidii kitu.

Fanya hivi leo, kabla ya kununua kitu kingine chochote. Simama kando ya baiskeli, kamata breki ya mbele kwa nguvu, uisukume mbele: gurudumu la nyuma lazima linyanyuke. Kamata ya nyuma, sukuma tena: gurudumu liburuzwe, lisizunguke. Kama linazunguka, peleka kwa fundi abadilishe raba na waya zote mbili, za mbele na za nyuma. Asikwambie "hii bado inafaa". Raba ni bei ndogo, na uchukue jozi ya akiba, kwa sababu tope na vumbi la changarawe vinazila haraka. Mwambie pia azungushe magurudumu akague spoku na kunyoosha rimu, maana rimu inayoyumba haikamatiki sawasawa.

Njiani, usishike breki mfululizo toka juu hadi chini. Rimu inachemka, na tyubu inaweza kupasuka. Punguza mwendo kabla hujaingia kwenye mteremko, kisha bana na kuachia, bana na kuachia. Na kama umechoka, shuka utembee. Hakuna anayekucheka kule. Wenyeji nao husukuma baiskeli zao zenye mzigo.

Gia 21 ni nzuri, ukijua kutumia duara dogo la mbele. Wengi hawaligusi kabisa.

Phoenix yangu haina gia. Itafaa? (Temeke)

Itafaa kama uko tayari kuisukuma milima yote. Kama hauko tayari, azima nyingine.

Kwa nini tusiondoke na baiskeli tangu Dar? Tuko vijana wanne, tuna nguvu na mazoezi. (Kimara)

Hapana. Nasema hapana, na naomba mlisome jibu hili hadi mwisho.

Barabara ya Dar hadi Mafinga ndiyo hiyo hiyo ya malori yanayokwenda Tunduma, Zambia na Kongo. Inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, ambako tembo na nyati wanavuka lami muda wowote na simba wapo. Baada ya hapo kuna Kitonga, mlima wenye kona kali ambao lori linapanda kwa kunguruma na kushuka likiwa limezidiwa na mzigo, na pembeni mwa lami hakuna nafasi ya baiskeli. Nguvu zenu sina shaka nazo. Hazimsaidii dereva aliyeamka tangu saa tisa usiku kuwaona kwenye kona.

Pandeni basi pale Stendi ya Magufuli, Mbezi. Ongea na kondakta kabla ya siku ya safari, mkubaliane bei ya mzigo, usisubiri asubuhi injini inanguruma. Fungua pedeli, geuza hendeli ilale sambamba na fremu, na kwenye buti ilaze upande wa cheni ukiwa juu, vinginevyo masanduku ya watu yatapinda ule mkono wa gia wa nyuma.

Na kwa sababu hiyo hiyo nawaambia jambo ambalo hamkuuliza: mkifika Nyololo, ishieni hapo. Kipande cha kurudi Mafinga ni barabara kuu. Tafuteni gari, pakieni baiskeli, mrudi mmekaa. Mzunguko hauharibiki kwa hilo, na kilicho kizuri cha Mufindi mtakuwa mmekwisha kukiona.

Maji ya mito ya kule ni masafi, tunaweza kunywa? (Sinza)

Chemsheni. Juu yenu kuna vijiji, ng'ombe na vinyungu, yaani bustani za mabondeni.

Tunataka kupiga hema ndani ya mipaini na kupika wenyewe, tuwashe na moto wa jioni. Inaruhusiwa? (Mbezi Beach)

Msiwashe moto. Sao Hill ni shamba la miti la serikali, kubwa kuliko yote nchini, na ndani yake huingii kwa kuona kinjia kizuri ukakifuata; unapita ofisi ya shamba, unaomba ruhusa, unaelezwa wapi wanakata miti siku hiyo. Chini ya mipaini kumejaa sindano kavu, na mti wenyewe una utomvu unaowaka kama mafuta ya taa. Septemba na Oktoba, wakati wageni wengi wanapenda kwenda, ndio wakati moto unatembea kwa kasi kubwa.

Zaidi ya hapo, miti ya Mufindi si ya serikali peke yake. Wanakijiji wengi wana ekari zao za mipaini walizopanda kwa mkono na kuzisubiri miaka. Hiyo ndiyo ada ya shule na bati za nyumba. Kijiko chako cha wali wa jioni hakina thamani ya kuchezea mali hiyo. Laleni nyumba za wageni Mafinga au kwenye vituo vya njiani, au muombe ofisi ya kijiji eneo la wazi, na chakula nunueni kwa mama lishe. Viazi vya kule ni vitamu, na fedha yenu inabaki kijijini.

Dada yenu hapa. Naweza kwenda peke yangu? (Kijitonyama)

Dada, watu wa kule ni wakarimu na barabara za vijiji zina watembea kwa miguu wengi mchana. Lakini ndani ya mipaini mtandao wa simu unapotea, na ukianguka unaweza kukaa saa nzima bila gari kupita. Nenda na mwenzako mmoja. Ushauri huu nawapa na wanaume.

Nifanye mazoezi wapi hapa hapa Dar? (Kigamboni)

Pugu. Ondoka alfajiri, pita Gongo la Mboto kabla daladala hazijajaa, panda hadi Kisarawe kando ya msitu wa asili, kwenye vilima vinavyolisha mto Msimbazi. Weka kwenye keria mzigo ule ule utakaobeba Mufindi, kwa sababu baiskeli yenye mzigo inasimama kwa taabu zaidi. Rudia Jumamosi hadi Jumamosi kwa mwezi mmoja. Ukiweza kupanda bila kushuka na kuteremka bila breki kupiga kelele, kata tiketi.