Rivasi ya trela: kwa madereva wapya wa njia ya Malindi na Gongoni

Kijana aliyetoka kwenye lori la kawaida akikalia kichwa cha trela, yaani gari linaloivuta, kwa mara ya kwanza, kwenda mbele hakumtishi sana. Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi za lami, na mtu mwangalifu atafika. Shida ni rivasi, yaani kurudi nyuma, nayo inamngoja getini: kwenye ghala la unga hapa mjini, kwenye yadi ya simiti, au kule Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi, ambako njia imebanwa na mabwawa huku na huku na hakuna pa kugeuzia. Hapo ndipo kila mtu anaacha kazi yake akutazame.

Nawaandikia nyinyi wadogo zangu ambao leseni ya CE, ile ya lori lenye trela, mmeshaipata na sasa mnatafuta mkono. Kwa nilivyoona mimi, rivasi nyingi huharibika kabla gia ya nyuma haijaingia. Dereva amesimama mahali pabaya, halafu anataka usukani umtoe. Atakata huku, atakata kule, jasho linamtoka, na tatizo ni kwamba angesogea mbele mita chache tu kabla ya kuanza, kazi ingekuwa nyepesi.

Basi tuanze na pa kusimama. Sisi tunakaa kulia. Mkia wa trela ukikunjia kulia, unauona wote kwenye kioo chako, na ukitaka unatoa kichwa dirishani. Ukikunjia kushoto, kioo cha kulia kinakuonyesha barabara na watu, na cha kushoto kinakuonyesha ubavu wa trela tu. Kona ya nyuma imeshapotea. Kwa hiyo jitahidi geti liwe kuliani kwako kila inapowezekana, hata kama ni kwenda kuzunguka mbele na kurudi. Mafuta ya kuzunguka ni bei rahisi kuliko ukuta wa mtu. Wengi wenu mnajifunza kwa video za Wamarekani, na si mbaya, lakini wenzetu wale wanakaa kushoto. Kila wanaposema upande wa dereva ni kushoto, kwako geuza.

Geti likiwa kulia, lipite taratibu ukiacha nafasi kati yako na ukuta. Ukishalipita, peleka pua kushoto, kisha nyoosha, uendelee mpaka kichwa na trela viwe vimelala mshazari na mkia umeelekea mdomo wa geti. Simama. Tazama kioo cha kulia: tairi za nyuma za trela na nguzo ya geti iliyo upande wako zionekane pamoja. Kama nguzo huioni, hujafika. Usianze kurudi kwa matumaini. Mjini penye tuktuk huu ndio wakati mgumu kuliko wote, kwa sababu umeziba barabara, na mwenye tuktuk akiona pengo nyuma yako anajua limeachwa kwa ajili yake. Mwache apite. Honi zisikuharakishe.

Sasa usukani. Shika chini kabisa, mkono mmoja. Unakotaka mkia uende, ndiko unakopeleka mkono. Mkono kulia, mkia kulia; mkono kushoto, mkia kushoto. Ukishika juu, mambo yote yanageuka kinyume na akili inachoka bure. Trela ya kubeba kontena la futi 40, yaani mita 12 na kitu, ni ndefu, kwa hiyo haijibu papo hapo. Unakata, unaona kama hakuna kilichotokea, unaongeza, na ghafla imekunja kupita kiasi. Kata kidogo, ngoja uone, ndipo uongeze. Mkia ukishaanza kuingia, usiendelee kukatia upande uleule. Rudisha usukani upande wa pili ili kichwa kifuate trela nyuma. Hiyo ndiyo sehemu inayochelewa kuingia mwilini. Mwanafunzi anasubiri trela inyooke ndipo arudishe, na wakati huo imeshapitiliza.

Ukiwa unarudi moja kwa moja, kuna njia rahisi: trela ikianza kujitokeza zaidi kwenye kioo kimoja, kata usukani kuelekea kioo hichohicho, kidogo tu, kisha unyooshe. Usingoje iwe nyingi.

Na mwendo? Gia ya chini kabisa, bila kukanyaga mafuta, kwenye mizigo mepesi na ardhi ya sawa. Ukiwa na mzigo utahitaji mafuta kidogo kuanza, lakini usicheze na klachi nusunusu muda mrefu, utainusa ikiungua. Jambo la kuogopa ni pembe kati ya kichwa na trela. Ikizidi, hakuna kukata kutakakokuokoa ukiwa bado unarudi. Kona ya trela inakuja kugonga kibanda cha dereva, na mipira ya upepo wa breki inavutika mpaka inakatika. Ukiona pembe inakimbia, simama, ingiza gia ya mbele, sogea mpaka vinyooke, uanze tena. Tanboi, msaidizi wako wa garini, akikucheka, acha acheke. Madereva wazee ninaowaheshimu kwenye njia hii wanasogea mbele kila wanapoona mashaka, tena bila kuona haya.

Ardhi yetu pia ina tabia zake. Trela nyingi za hapa zina ekseli tatu nyuma, na ukikunja sana tairi hazizunguki vizuri, zinaburuzwa kwa ubavu. Kwenye lami unasikia zinalia. Kwenye mchanga wa pwani zinachimba, na kwenye udongo wa mabwawa ya chumvi baada ya mvua zinazama. Kwa hiyo kule Gongoni chagua mkunjo mpana, na usikate usukani gari likiwa limesimama tuli. Kama njia ya bwawani ni ya tuta moja, shuka utembee mpaka mwisho wake kabla hujarudisha hata mita moja. Angalia kingo kama zimemomonyoka. Angalia juu pia: matawi ya mwarobaini, nyaya za stima, makuti ya kibanda cha mlinzi. Kontena refu la futi 9 na nusu likiwa juu ya trela linafika mahali ambapo macho yako hayakuzoea kutazama.

Chumvi yenyewe inakula chuma na nyaya. Taa ya nyuma iliyowaka jana huenda leo imekufa, na kile king'ora cha rivasi vilevile. Osha gari kwa maji yasiyo na chumvi ukitoka huko, na ukague taa kabla ya kurudi nyuma gizani.

Tanboi ni macho yako ya kushoto, lakini mkubaliane mapema. Akisema "kata kulia" anamaanisha usukani au mkia? Nimeona watu wakigombana getini kwa sababu kila mmoja alikuwa na kulia kwake. Afadhali mtumie mikono: anaonyesha mkia uende wapi, basi. Asimame mahali unapomwona kwenye kioo, kamwe asiwe kati ya trela na ukuta. Ukimpoteza kiooni, kanyaga breki saa hiyohiyo, hata kama unasikia sauti yake. Na aongoze mmoja tu. Penye soko watajitokeza watano, kila mmoja anapiga bodi na kuita "kuja, kuja, kuja!" Hao hawatalipa taa.

Mazoezi fanyeni na trela tupu, uwanja mpana, asubuhi kabla jua halijawa kali. Madumu manne ya maji yanatosha kuwa geti. Anza na kurudi moja kwa moja mpaka ikuchoshe, ndipo uende kwenye kona ya kulia. Ya kushoto iwe mwisho, lakini usiiruke, maana iko siku utaikuta na hakuna pa kuzungukia. Trela yenye shingo na magurudumu yake ya mbele, ile inayovutwa nyuma ya lori lenye bodi, iache kwanza. Ile inajikunja mahali pawili na inataka mwalimu wake.

Wanaokwenda mpaka Mokowe, ambako mzigo wa kisiwani Lamu huhamia majini, waulize wenyeji wa gati pa kusimama kabla hawajaingia.

Tena, kontena ikiwa na milango ya nyuma, ifungue na uishikize kwa kulabu ubavuni kabla hujafika kwenye jukwaa la kupakulia. Ukishagusa ukuta, milango haifunguki, na itabidi utoke urudie yote mbele ya wapakuzi ambao wamelipwa kwa mzigo, si kwa saa.