Maswali yenu: Deki mpya ya DVD au waya mpya?

SWALI: Habari mhariri. Nina deki ya DVD ya siku nyingi, inaenda mwaka wa tisa sasa, ilikuwa kwenye TV ya chogo na picha ilikuwa safi tu, sasa nimenunua flati ya inchi 43 na ndo kero imeanzia hapo. Picha imefifia, sura za watu zimekuwa pana utadhani wamevimba, maandishi ya chini yana ukungu. Dukani wananiambia nichukue deki ya DVD ya kisasa inayotoa HD kamili ila bei yake sio mchezo. Nina diski zaidi ya mia mbili ikiwemo ya harusi yetu, siwezi kuzitupa. Ninunue au ndo naliwa hivi hivi? – Mwenye Diski Mia Mbili

JIBU: Ndugu yangu, hela irudishe mfukoni kwanza, alafu nenda kageuze hiyo deki uangalie mgongo wake. Nakubashiria umechomeka ule waya wa njano, pamoja na mwekundu na mweupe wa sauti, maana ndo unaokuja na deki na wengi tunauhamisha kutoka TV moja kwenda nyingine bila kuufikiria. Sikucheki, mimi mwenyewe niliwahi kununua deki nzuri ya gharama nikaitumia miezi kadhaa kwa waya wa njano, nikawa nawaambia watu eti naona tofauti.

Ubaya wa waya wa njano ni kwamba unachanganya mwanga wa picha na rangi zote kwenye njia moja, TV ikipokea inaanza kazi ya kuvitenganisha na haviachani vyote. Weka diski yoyote, tafuta mtu aliyevaa shati la mistari myembamba, uliangalie hilo shati: utaona rangi za upinde wa mvua zinachezacheza juu ya mistari wakati shati ni jeusi na jeupe. Au angalia nguo nyekundu, pembeni yake wekundu unamwagikia nje ya nguo na kuna vidoa vidogo vinatambaa kwenye ukingo. Kwenye chogo ndogo hayo yalijificha, kwenye inchi 43 yote yanaonekana.

Sasa kama deki yako ina tundu la HDMI, na deki za umri huo nyingi zinalo ila watu hawajawahi kulichungulia, nunua waya wa HDMI wa kawaida, mfupi, sio ule wa kupakwa dhahabu, picha inayopita humo ni ya kidijitali na kwa mita moja mbili waya wa bei rahisi ulio mzima unatoa kile kile. Kama haina HDMI tafuta matundu matatu ya kijani, bluu na nyekundu, hiyo inaitwa komponenti na ni nzuri mno kuliko njano, hakikisha tu na TV yako inayo, alafu ingia kwenye setingi uwashe progresivu, yaani deki itume mistari yote ya picha kwa mkupuo badala ya nusu nusu. Ukiiwasha huku TV yako haiikubali, picha itapotea au itavurugika, usipige kelele, rudisha waya wa njano uzime hiyo progresivu.

Ukiwa bado kwenye setingi tafuta panapouliza aina ya TV. Naamini pako kwenye 4:3 (upana kwa urefu wa kioo cha chogo), yaani deki bado inadhani iko kwenye chogo! Ndo maana watu wako wamevimba, na tena filamu pana inabanwa kwanza, mistari 576 ya picha inabaki kama 432, juu na chini panajazwa weusi, alafu TV inaivuta kwa upana. Weka 16:9, ndo umbo la flati. Diski ya harusi kama ilipigwa kwa kamera za zamani itakuja na picha ya mraba mraba, hiyo kwenye rimoti ya TV ichague 4:3 ukubali weusi pembeni, bora weusi kuliko bibi harusi aliyetanuliwa.

Fanya hayo, kaa nayo wiki moja. Ikikutosha umeishia kwenye waya.

Isipokutosha ndo tuongee deki, na hapa dukani hawakukwambia ukweli wote. DVD iliingia sokoni Japani mwaka 1996, na kilichoandikwa kwenye diski ni nukta 720 kwa 576, au 720 kwa 480 kwa zile za Marekani na Japani, basi, hakuna deki inayoongeza kisichokuwemo. TV ya HD kamili ina 1920 kwa 1080. Piga hesabu, ni mara tano ya zilizopo kwenye diski, kwahiyo katika kila nukta tano unazoziona nne zimekisiwa na mashine. Deki inayojiita ya HD kamili inafanya huko kukisia, na TV yako nayo inajua kukisia, tena TV nzuri inaweza kukisia vizuri kuliko hiyo deki. Kulipa hela nyingi kwa ajili ya hicho kitu kimoja mimi nasema hapana.

Ningekuwa wewe ningenunua deki ya Blu-ray. Zimetoka 2006, zinasoma DVD zako zote mia mbili (zilizo hai) na CD pia, zinakuza picha vizuri, na siku ukipata diski ya Blu-ray yenyewe utaona 1920 kwa 1080 ya kweli, isiyokisiwa. Kinyume chake hakiwezekani, deki ya DVD ina mwanga mwekundu na Blu-ray inataka wa bluu-zambarau wenye wimbi fupi zaidi, kwahiyo usije ukaazima diski ya Blu-ray ukaitia kwenye deki yako ukaanza kulaumu fundi.

Ukichukua iliyotumika usiridhike kuona imewaka. Nenda na DVD yako orijino yenye filamu ndefu, zile huwa na tabaka mbili za GB 8.5, kisha ruka mpaka katikati ya filamu alafu mpaka mwisho. Lenzi iliyochoka mara nyingi inasoma mwanzo vizuri kabisa, ikifika kuhamia tabaka la pili inaganda. Fungua na kufunga trei mara kumi hivi, ikiwa inasitasita ujue mkanda umelegea, hilo sio kubwa, lenzi ndo kubwa. Na namba ya kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski au deki imetengenezewa, uiangalie kama diski zako zimetoka nchi tofauti, diski ya kanda 1 ya Marekani inakataliwa na deki ya kanda 5, Blu-ray haikuponyi na hilo.

Kitu kimoja kuhusu sabufa: deki nyingi mpya za Blu-ray zimeondoa matundu mekundu na meupe. Kama sabufa yako inategemea hayo, itabidi utoe sauti kwenye TV, kwenye tundu la hedfoni au la sauti, kwahiyo angalia kabla hujalipa.

Ah, na zile diski zilizojazwa filamu kumi na mbili kwenye moja, hizo waachie. Diski ya kawaida ni GB 4.7, gawa kwa kumi na mbili, kila filamu imebanwa kwenye chini ya 0.4, nyuso zote ni viboksi na hakuna deki ya kuziokoa.

SWALI: Mimi bado niko na chogo na sina mpango wa kubadili. Deki ya Blu-ray itanisaidia? – Wa Chogo

JIBU: Hapana, na nyingi za sasa zina HDMI tu, hata pa kuchomeka hutapaona. Baki na DVD yako, ila kama TV na deki zina skati (lile tundu pana lenye pini nyingi) chomeka humo, na kwenye setingi za deki chagua RGB, yaani nyekundu, kijani na bluu kila moja ipite njia yake. Nyekundu itaacha kumwagika.