Re: Nina digrii tayari, nisome nyingine ili niwe paralegali Marekani?

Habari ndugu. Kwa hiyo una digrii ya sosholojia, unataka kuwa msaidizi wa kisheria huko Marekani na chuo kinakuambia uanze digrii ya miaka 4 upya. Usikimbilie kulipa. Cha kwanza angalia kama kozi imeidhinishwa na ABA, chama cha mawakili cha kule, sio lazima kisheria ila waajiri wengi wanaulizia. Halafu kwa mwenye digrii kuna setifiketi ya muda mfupi, na mtihani wa NALA, chama cha maparalegali cha huko, unakubali digrii ya fani yoyote ukiongeza krediti 15 za masomo ya paralegali au mwaka 1 wa kazi. Mimi nilipita njia ya setifiketi na kilichonibeba kazini ni uandishi, yaani unapewa faili nono la kesi, unapanga vielelezo, unafupisha maelezo ya kila shahidi na huku tarehe ya mwisho ya kuwasilisha majibu isikupite, kwa hiyo tafuta kozi yenye uandishi wa kisheria na fildi kwenye ofisi ya mawakili. Kama unawaza uwakili baadaye, hiyo sosholojia inatosha kuombea shule ya sheria. Waulize hao chuo wahitimu wao wameajiriwa wapi, wakizunguka zunguka tafuta kwingine.